Abiria wa Matondoni

Mvua imetufungia ndani tangu asubuhi hapa Langoni, Lamu, watoto wananipandia kichwani. Nikaliteremsha bao la marehemu babu. Mashimo 32, kete 64, zote mbegu za komwe, zimelainika kama sabuni kwa kushikwashikwa. Haya mama, nikamwambia binti yangu wa miaka minne, tutie mbilimbili. Anahesabu vizuri hadi sita. Saba anairuka kila siku, sijui imemkosea nini.

Mara komwe zikageuka abiria. Shimo hili bandari ya Mokowe, lile Shela, na nahodha, binti yangu huyo, hang'oi nanga mpaka "watu wa Matondoni walipe". Nauli komwe mbili. Nikalipa, ningefanyaje?

Kuzikusanya, 63. Tukainua mkeka, tukakung'uta mito, wapi! Kumbe mdogo wake, wa mwaka na nusu, kakaa kimyaa pembeni, shavu limevimba. Moyo ulinilipuka! Bahati nzuri, komwe ilikuwa pale mbele ya mdomo tu, nikaitoa inachuruzika mate.

Bao limerudi juu ya kabati. Mchana huu tunahesabu vifuniko vya sufuria, kelele zake mtaa mzima umezisikia. Na nahodha bado ananidai nauli ya kurudi.