Mchezaji wa ridhaa

Jumapili maji yakipwa huteremka ufukwe wa Sahare, Tanga, na mpwa wangu, fimbo moja ya chuma begani, mipira minne mfukoni. Tunachimba mashimo matatu mchangani na kucheza mpaka bahari irudi kuyafukia. Fimbo niliachiwa na mzee niliyekuwa nikimbebea mfuko wa gofu Dar, ujanani. Ndiye aliyenipa habari za Bobby Jones, bingwa wa gofu wa zamani, na mataji yake. Juzi nilimsimulia mpwa wangu, akauliza: "Mjomba, sasa kwa yote hayo alilipwa shilingi ngapi?"

Hakulipwa. Jones, aliyezaliwa Atlanta, Marekani, mwaka 1902, alishindana maisha yake yote kama mchezaji wa ridhaa. Mwaka 1930 alitwaa mataji manne makubwa ya wakati ule kwa mpigo: mashindano ya wazi na ya ridhaa ya Uingereza, kisha ya wazi na ya ridhaa ya Marekani. Kwenye yale ya wazi wachezaji wa kulipwa walikuwemo, akawashinda. Kazi yake ilikuwa uanasheria. Akastaafu na miaka 28, na alipokubali kulipwa kwa filamu za kufundisha gofu, mashindano alikuwa keshayaaga.

Nalipenda hili neno letu, ridhaa. Watu hudhani maana yake ni mchezaji asiyeiva. Mimi nasikia mtu aliyeridhia mwenyewe, bila kusukumwa na mshahara.

Ila ujanani Jones alikuwa na hasira za kurusha fimbo. Mwaka 1921, pale St Andrews, Scotland, mpira ulimkwama kwenye shimo la mchanga, lile la mtego. Mikwaju ikazidi, akauokota mpira na kuacha kuhesabu. Mzee alipofika hapo alikuwa akinitazama, maana nami niliwahi kuubwaga mfuko wake njiani kwa sababu ya neno moja tu. Hakunifukuza. Alinisimulia kwamba mwaka 1927 Jones alishinda kombe la wazi uwanja uleule, akaomba libaki St Andrews.

Kisha kuna ule mwaka 1925, mashindano ya wazi ya Marekani, Worcester. Shimo la 11, mpira umelala kwenye nyasi ndefu. Jones akaweka fimbo nyuma ya mpira, ikagusa nyasi, mpira ukasogea. Labda upana wa ukucha! Hakuna aliyeona. Akawaambia waamuzi mwenyewe: niandikieni mkwaju wa adhabu. Wakamuuliza kama ana hakika, akasema anayo. Raundi nne za hesabu zikaisha akiwa sawasawa na Willie Macfarlane. Wakarudia mashimo 18, sawa tena. Wakarudia 18 mengine, Macfarlane akashinda kwa mkwaju mmoja. Watu walipomsifu Jones alichukia, kana kwamba wamemsifu kwa kutoiba.

Mpwa wangu akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo ule mmoja asingeusema, kombe lake?"

"Lake."

Baadaye ugonjwa wa uti wa mgongo ulimwondolea miguu polepole. Mwaka 1958 St Andrews walimpa heshima ya kuwa mwenyeji wa mji wao, Mmarekani wa kwanza tangu Benjamin Franklin. Alipokuwa akitoka ukumbini, watu walianza kumwimbia arudi tena. Hakurudi. Alifariki mwaka 1971.

Maji yalishafika shimo la pili. Kijana akauchukua mpira wake, akaurudisha hatua mbili nyuma, akasema kumbe alikuwa amepiga mikwaju sita, si mitano.