Kwenda Ukerewe na Profesa

Tulipanda meli ya kwenda Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, asubuhi, bandarini Mwanza, mimi na Profesa aliyenifundisha historia Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Amestaafu zamani, lakini mkoba wake ulijaa madaftari, kaseti na redio ya kuzichezea. Nilipotaka kumpokea, alikataa katakata.

Miamba ya Mwanza ikitokomea nyuma yetu, alinisimulia alivyoanza. Idara ya Historia ya Dar es Salaam ilianza 1964 chini ya Terence Ranger, na akina Isaria Kimambo wakaingia vijijini kuwasikiliza wazee, kwa sababu faili za wakoloni zilieleza habari za wakoloni. Kimambo alikusanya masimulizi ya Upare. Profesa, akiwa kijana, akachagua Ukerewe. Katika maandishi ya mpelelezi Stanley, aliyefika Ziwa Victoria mwaka 1875, Lukonge, mtemi wa Ukerewe, ni mtu wa kuwaazimisha wageni mitumbwi, basi. Kwa wazee wa kisiwani, Lukonge ana ukoo uliotoka Ihangiro, magharibi mwa ziwa, ana mahasimu, ana biashara ya pembe za ndovu iliyofika Unyamwezi. Tofauti hiyo ndiyo iliyomshika Profesa maisha yake yote, na mimi naiona ni kazi kubwa kuliko vyeo alivyopata.

Nansio tulichukua bodaboda hadi kwa binti wa mzee mmoja aliyerekodiwa enzi hizo. Alikuwa anaanua dagaa.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu. Nimemleta mzee wako.”

Profesa akakaza utepe kwa kalamu, akabonyeza. Kikohozi kikatangulia, halafu sauti. Mama akaweka ungo chini. “Ndiye! Anakohoa hivyo hivyo!” Akawaita wajukuu waje wamsikie babu.

Simulizi ilikuwa ya safari ya pembe, ikakatika katikati: upande wa kwanza ulikwisha, na kaseti ilipogeuzwa mzee alikuwa ameshahamia habari nyingine. Pengo hilo lilibaki kwenye daftari miaka yote. Mama akaendelea pale pale baba yake alipokomea, bila kuulizwa: babu wa Mama huyo aliugua Unyamwezi, wenzake wakamwacha, akarudi na msafara mwingine alipopata nafuu. Profesa aliandika kwa penseli, mkono ukitetemeka, akimwomba arudie majina.

Jioni, tukiwa Nansio, alimzungumzia Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa hiki. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Muswada ulisubiri miaka 35, na Profesa hana miaka hiyo. Anataka masimulizi yote yatoke kwa Kikerewe na Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa, na kila familia ipewe nakala ya sauti ya mzee wake. Nimechukua madaftari mawili ya kwanza nikayachape. Mwenyewe amebaki kisiwani. Kuna wazee upande wa Ilangala bado hajawafikia.