Siku moja na kishikwambi mkononi, Ngamiani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko Makorora, hapa Tanga, chai mkono mmoja, kitumbua mkono wa pili, macho kwenye chaji ya kishikwambi. Nakusanya data kwenye utafiti wa afya ya akili. Mtaani wengi wanaamini nauza bima. Jirani yangu mmoja anashikilia kuwa nafanya sensa isiyoisha.

Saa mbili kikao, kugawana mitaa, kuhesabu fomu za ridhaa, kugombania nauli. Saa tatu na nusu mwenyekiti wa serikali ya mtaa anakagua kibali, anagonga muhuri, tunapanda bajaji.

Tunachofuatilia ni tatizo la haiba la bodalaini (kwa Kiingereza borderline personality disorder): hisia zinazopanda na kushuka kwa kasi, hofu kubwa ya kuachwa, kumpenda mtu kupita kiasi kisha kumchukia vivyo hivyo, utupu, kwa wengine kujidhuru. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliingiza rasmi mwaka 1980. Siku hizi una vigezo 9, na mtu akitimiza 5 au zaidi anahesabiwa kuwa nalo. Ukikaa na kalamu utapata michanganyiko 256 ya kuvitimiza. Watu wawili wanaweza kupewa jina lilelile la ugonjwa huku wakifanana kwa kigezo kimoja tu. Kwa hiyo wanaoniuliza kwa nini tusitume maswali kwa WhatsApp tukalala, jibu ndilo hilo. Lazima ukae na mtu, umsikilize, umuulize mfano, umuulize lini.

Na kukaa naye ndiko kunakotutoa jasho. (Nimebadilisha mambo kadhaa hapa ili mwenyewe asijulikane.)

Saa nne tuko kwenye mojawapo ya zile barabara za namba, nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja. Mshiriki ni binti, fundi cherehani. Kabla sijafungua dodoso, mjomba wake akatandika mkeka, akakaa katikati yetu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hizi sahihi mnazipeleka wapi?"

Nikaeleza. Akauliza tunalipwa shilingi ngapi kwa kichwa. Nikaeleza. Akauliza kama tutatoa damu. Nikaeleza kwamba hatutoi hata tone. Nikamwomba kwa adabu zote atupishe, nikasema ni siri ya mshiriki. Akacheka: "Siri gani, nami ndiye niliyemlea?"

Nikaanza na maswali mepesi, nikitumaini atachoka. Wapi! Umri wa binti alijibu yeye. Elimu alijibu yeye. Nilipofika kwenye hasira, akanyoosha kidole kwenye kishikwambi: "Andika hapo, mkali. Andika tena, anajidekeza." Binti akawa anazungusha uzi kwenye kidole mpaka ncha ikapauka. Kila swali, hapana. Unaogopa kuachwa? Hapana. Unajihisi mtupu? Hapana. Mashine ingepokea majibu yale bila kinyongo, na hiyo ndiyo hatari yake.

Mwanasaikolojia wa Marekani Marsha Linehan aliandika mwaka 1993 kwamba tatizo hili hukua pale mtoto aliyezaliwa na hisia nyepesi kuwaka anapolelewa mahali ambapo kila anachohisi kinapuuzwa au kukaripiwa. Nilikuwa nimeisoma hiyo nadharia kwenye mafunzo. Pale mkekani nilikuwa naisikia ikisemwa kwa sauti.

Aliyetuokoa ni mwenzangu. Tuna fomu ya ndugu, kwa kuwa maelezo ya anayeishi na mtu nayo ni data. Akamwambia mjomba, "Mzee, maelezo yako tunayahitaji sana, twende barazani nikuandike peke yako." Mzee akainuka kama aliyeitwa bungeni. Na lazima niwe mkweli, alitoa jambo ambalo wataalamu hulieleza kwa kurasa nzima: "Asubuhi mimi ndiye baba yake, hakuna kama mimi. Jioni mimi ni adui. Nami sijatoka hapa nilipokaa."

Sisi tukahamia uani, nyuma ya kamba ya nguo. Nikarudi swali la kwanza. Unaogopa kuachwa? Akakaa kimya kidogo. "Mtu akichelewa kujibu meseji, mimi najua keshanichoka. Naanza kumtukana kabla hajaniacha." Swali lilelile, mtu yuleyule. Swali la kujidhuru nililiuliza polepole, nikafuata utaratibu wote, nikampigia mshauri wetu mbele yake, wakapanga kuonana.

Halafu akaniuliza yeye: "Hii inaisha?"

Mimi si daktari, lakini hili naruhusiwa kulisema. Kule Massachusetts, Mary Zanarini na wenzake wa hospitali ya McLean walianza mwaka 1992 kuwafuatilia wagonjwa 290 waliokuwa wamelazwa, wakiwahoji kila baada ya miaka 2. Ndani ya miaka 10, asilimia 93 walipata nafuu ya dalili iliyodumu angalau miaka 2. Waliofika mbali zaidi, wakasimama vizuri kazini na kwenye mahusiano, walikuwa nusu. Hiyo nusu sikumficha. Wengi husifu namba zile. Mimi huwafikiria waliokuwa wakibisha hodi kwa watu walewale, mwaka baada ya mwaka.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Mihogo ya kukaanga kwa kusimama. Jua. Nyumba mbili nyingine, moja hayupo, moja kahamia Pongwe. Mgongo.

Jioni, kupakia data na intaneti inayokata. Kuanzia kesho simu ya yule binti itamuuliza mara kadhaa kwa siku anajisikiaje dakika hiyo, maana ukimuuliza mtu wiki yake ilikuwaje, mara nyingi anakupa rangi ya saa aliyonayo. Msimamizi akapiga kutaka kujua kwa nini dodoso moja limekula saa tatu. Nikamweleza mjomba, mkeka na yote. "Iandike," akasema.

Nikaandika: mahojiano ya kwanza hayakuwa na faragha, majibu yake yasihesabiwe, tumieni ya uani. Nikaongeza kwamba fomu ya ndugu imejazwa vizuri kuliko zote za wiki hii.

Kesho Pongwe.