Siku ya mizani

Saa 11 alfajiri. Giza bado, lakini Kisauni hapapoi. Ni Februari, jasho linakutoka hata ukiwa umeketi. Nafika kufungua ukumbi wetu wa ndondi, namkuta kijana wangu mlangoni anaruka kamba, koti la mvua chini ya sweta mbili.

"Vua."

Alipolivua koti, maji yakamwagika kutoka mkononi mwa koti kama mtu aliyepindua kata. Midomo imepasuka, mate yamekuwa uzi. Tangu jana adhuhuri hajanywa tone. Nikampandisha kwenye mizani: kilo 57.9. Anataka kupigana uzani wa kilo 57.

"Kocha, ni gramu mia tisa tu."

Hizo gramu ni maji ya mwili wake. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, jasho halikauki, basi mwili haupoi, na moyo unasukuma damu iliyopungua. Nilimweleza habari za 1997 kule Marekani: wanamieleka watatu wa vyuo walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha hivi hivi, nguo za mpira na joto. Nikamwambia na za Yang Jian Bing, Mchina wa miaka 21, aliyefariki Manila mwaka 2015 kabla hata ya pambano. Baada yake waandalizi wakaanza kupima mkojo wa wapiganaji kujua kama mwili una maji.

Akanyamaza. Nikampa maji yenye sukari na chumvi kidogo. Akanywa huku kanigeuzia mgongo.

Saa 2 asubuhi, kupima uzani. Hapa ndipo roho huniuma. Sisi wa ridhaa tunapimwa asubuhi na kupigana siku hiyo hiyo, kwa hiyo aliyejikausha anapanda ulingoni bado mkavu, na ubongo uliopungukiwa maji si wa kupigwa ngumi. Wa kulipwa hupimwa siku moja kabla. Anakunywa, anakula, kesho anaingia na kilo kadhaa zisizo kwenye karatasi. Mwenzake aliyekuja na uzani wake halali anapigwa na mtu mkubwa kuliko yeye. Haki iko wapi? Ndiyo maana vijana wote wanajikausha: kila mmoja anamwogopa mwenzake, na mwishowe wanakutana walewale, wamechoka tu.

Na mizani haina huruma. Paris 2024, Vinesh Phogat wa India alifika fainali ya mieleka ya kilo 50, asubuhi yake akazidi gramu 100, akaondolewa. Usiku kucha alikuwa amehangaika kuzitoa.

Nilimwandikisha wangu kilo 60. Akaniambia nimemuuza.

Saa 10 jioni akapanda. Mpinzani alikuwa mrefu na mkono wake mzito. Raundi ya kwanza tulipotea kabisa. Ya pili akaanza kuingia ndani, anapiga mbavu, anatoka. Raundi ya tatu miguu yake bado ilikuwa hai, na mimi pembeni ya ulingo nilikuwa naitazama hiyo miguu tu, si ngumi. Tukashindwa kwa pointi.

Saa 2 usiku mamake akanipigia simu.

"Kocha, mwanangu amekula?"

"Amekula, mama. Wali na samaki. Sasa hivi anaomba aongezwe."