Wiki ya sita na Saba

Saba hii si namba. Ni maqamu ya Kiarabu, yaani mpangilio wa noti wenye mwendo na hisia zake, na tangu nianze kuifukuzia kwenye udi, ile ala ya nyuzi, imenikosesha raha. Kabla yake nilikuwa na maqamu nyingine: Bayati, Rasti na Hijazi kidogo, mtaji wa kawaida wa mtu aliyejifunzia taarabu hapa Unguja.

Kwenye karatasi ni jambo dogo. Bayati ya Re ni Re, Mi iliyoshushwa robo toni, Fa, Sol. Saba ni hiyo hiyo, ila Sol inashuka nusu toni. Noti moja tu! Lakini kwenye Bayati ukifika Sol unapumua. Kwenye Saba unafika pale ukakuta pamebanwa.

Wiki mbili za mwanzo zilikwenda kwenye kidole cha mwisho, kinachobana Sol hiyo iliyoshuka kwenye uzi wa Re. Uzi wa Sol uko jirani tu na wa Re, na mkono uliozoea Bayati unaupiga mtupu kabla hujawahi kuuzuia.

Wiki ya tatu niliwasha Re ivume kwenye simu mfululizo, nikaipigia Sol bemoli (ile iliyoshushwa nusu toni) peke yake. Ikatoka tamu, ya harusini kabisa! Nikarudia, nikidhani nimekosea. Sikukosea: kutoka Re hadi pale ni toni mbili kamili, na sikio linasikia furaha. Basi uchungu uko wapi? Uko kwa majirani. Gusa Fa, panda Sol bemoli, rudi Fa, shuka kwenye ile Mi isiyo huku wala kule, utausikia. Jioni ile mama aliuliza kutoka jikoni kama kuna msiba.

Kosa langu kubwa lilikuwa kupanda ngazi nzima hadi Re ya juu. Juu ya Fa kuna Hijazi (Fa, Sol bemoli, La, Si bemoli), na ukiendelea, mara nyingi hata ile Re ya juu hushushwa. Ngazi haifungi. Mwalimu alinisikiliza, akacheka: "Mwanangu, nani kakutuma huko? Kaa chini." Nimekaa chini, noti nne, siku kumi.

Sasa napiga taksimu, yaani kupiga peke yangu kwa kubuni papo hapo, ya dakika mbili: naingia kwa Bayati, nageukia Saba, narudi. Kugeuka kumekubali. Kurudi bado, maana Mi yangu hupanda kidogo kidogo bila mimi kujua, na kipimo cha kwenye simu kinaniumbua. Wiki ijayo ni Mi tu.