Haapsalu: ngome ya askofu, tope la dawa na bibi wa dirishani

Basi la kutoka Tallinn lilitushusha kwenye stesheni ya treni isiyo na treni. Wengi wanaingia Haapsalu hivyo. Mji huu mdogo uko pwani ya magharibi ya Estonia, kilomita mia moja hivi kutoka mji mkuu. Mabasi yanasimama ubavuni mwa jengo la mbao lililonakshiwa kama la sherehe, na nyuma yake linanyooka jukwaa la abiria lenye paa mwanzo hadi mwisho, urefu wake zaidi ya mita 200. Shemeji yangu, anayeishi Helsinki na ndiye aliyenivusha bahari kwa feri, alishuka akatazama kulia na kushoto.

"Shemeji, mji wenyewe watu hawafiki elfu kumi. Jukwaa lote hili la nini?"

La Tsar. Reli ilifika hapa 1905, stesheni ikakamilika 1907, na familia ya kifalme ya Urusi ilikuwa na desturi ya kuja kupumzika. Inasemekana paa lilirefushwa kiasi hicho ili treni nzima ya mfalme isimame pakavu, na alijengewa chumba chake cha kusubiria, mbali na abiria wengine. Treni ya mwisho ya abiria iliondoka 1995. Baadaye reli zenyewe zikang'olewa, na mahali zilipopita sasa watu wanaendesha baiskeli. Jengo limekuwa makumbusho, na injini kuukuu zimepangwa uani, watoto wanazipanda. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kwetu stesheni ikifungwa, mabati huondoka kwanza, kisha milango. Hapa hata nakshi za mbao zimepakwa rangi upya.

Kutoka stesheni hadi ngome unatembea kwa mguu, ukipita nyumba za mbao za ghorofa moja moja, za njano, za kijani, zenye maua ya hydrangea madirishani. Ngome huioni mpaka uwe umeshaifikia. Mnara wake una mita 38, lakini miti mirefu inauficha, kisha ghafla ukuta wa mawe ya chokaa unakusimamia mbele ya uso.

Waliojenga hapa hawakuwa wafalme, walikuwa maaskofu. Katika karne ya 13 wapiganaji wa msalaba, wengi wao Wajerumani, waliiteka nchi hii na kuwabatiza wenyeji kwa upanga, na 1228 ikaundwa dola ya askofu wa Saare-Lääne: magharibi ya bara na visiwa vyake. Huyo askofu hakuwa mchungaji wa roho peke yake. Alikuwa mtawala mwenye ardhi, kodi na askari. Makao yake yalihamahama. Walithuania walipoichoma Pärnu ya zamani mwaka 1263, alitafuta pahali pengine, na Haapsalu ikapewa hadhi ya mji 1279. Karne iliyofuata askofu mwenyewe alihamia kisiwani, Kuressaare, ila baraza lake la mapadri lilibaki hapa pamoja na kanisa kuu.

Kuta za nje zina urefu wa zaidi ya mita 800, na ndani yake sasa ni bustani ya watu wote. Mama wanasukuma vigari vya watoto palipokuwa na handaki, wazee wamekaa kwenye nyasi, na kuna jukwaa la muziki. Ulizaji wangu wa kwanza kwa kijana wa tiketi ulikuwa huu: nani aliivunja? Nilitegemea jina la vita kubwa. Kumbe ngome hii imebomoka kwa awamu, na karatasi zimefanya kazi kubwa kuliko mizinga.

Kwanza iliuzwa. Mwaka 1559, Ivan wa Urusi alipoanza kuitafuna nchi, askofu wa mwisho, Johannes von Münchhausen, aliiuza dola yake yote kwa mfalme wa Denmark, naye akampa mdogo wake, Mtawala Magnus. Askofu akachukua fedha zake akaenda Ujerumani. Waumini aliwaacha na vita. Halafu ngome ikaingia mikononi mwa Waswidi, na 1625 mfalme wa Uswidi naye akaiuza, safari hii kwa jemadari wake Jacob De la Gardie, aliyetaka kuigeuza kasri la kuishi kwa raha. Hakumaliza. Mwaka 1688 moto ukala paa la kanisa. Na Vita Kuu ya Kaskazini, ya Uswidi na Urusi, ilipoiweka nchi chini ya Urusi, Tsar Peter Mkuu akaamuru kuta zipunguzwe kimo, asije mtu akajifungia humo tena. Baada ya hapo mawe yaliyolegea hayakukosa wenyewe. Ukitazama misingi ya nyumba za jirani utakisia yalikokwenda.

Kanisa kuu lilifufuliwa miaka ya 1880 na bado linaswaliwa. Ndani halina nguzo hata moja: ni ukumbi mmoja mtupu, mpana, kuta nene, na sauti inakaa hewani muda mrefu baada ya mdomo kufungwa. Shemeji, ambaye aliwahi kuimba kwaya, alijaribu mstari mmoja kwa sauti ya chini, na mtalii mmoja akageuka kutafuta kinanda kilikokuwa. Wakati wa utawala wa Kisovieti jengo hili lilivunjwavunjwa vyombo vyake, likakaa bure, likawa ghala la nafaka, na ulikuwapo hata mpango wa kuligeuza bwawa la kuogelea. Sijui ni nani aliyeuzuia mpango huo, ila ningempa mkono.

Mchana tulikula mkate mweusi wenye kilu juu yake, kisamaki kidogo cha chumvi kilicho ndugu wa dagaa kwa sura na kwa harufu, pamoja na yai. Kisha tukashuka baharini.

Mimi ni mtu wa pwani, na bahari ile ilinichanganya. Haipwi wala haijai. Ilivyokuwa asubuhi ndivyo ilivyokuwa alasiri. Nilichovya kidole nikaonja, chumvi ni ya kubahatisha. Ghuba ni ya kina kifupi, ina matete, mabata na mabata maji wengi, na chini ni tope jeusi linalonuka. Tope hilo ndilo lililoulisha mji. Wakulima walikuwa wakilipaka miguu inayouma tangu zamani. Daktari wa jeshi, Carl Abraham Hunnius, akawatazama, akalipima, na 1825 akafungua nyumba ya kwanza ya matibabu ya tope. Ndani ya miongo michache mabwana wa St. Petersburg walikuwa wanafunga safari kuja kulala kwenye matope, na wanalipa. Tchaikovsky alikaa hapa kiangazi cha 1867, akiwa na miaka 27, na benchi lake la mawe lipo kwenye njia ya ufukweni. Mbele kidogo iko Kuursaal ya 1898, ukumbi wa mbao wa kupigia muziki na kula, umechongwachongwa mpaka unaonekana mwepesi. Hadi leo unaweza kupakwa tope hilo hotelini. Shemeji alisoma orodha ya bei akasema la kwao lipo bure.

Kipande kimoja cha ufukwe huo kinaitwa Ufukwe wa Afrika, Aafrikarand. Tulipiga picha pale, bila shaka. Maji yalikuwa ya baridi, na nikamwambia shemeji kwamba ndugu zangu nyumbani wasiambiwe.

Shali za Haapsalu nilizisikia kabla ya kuzijua. Katika duka la wafumaji bibi mmoja mwenye miwani alivua pete yake, akaishika kwa vidole viwili, akapitisha shali nzima ya sufu katikati yake, kubwa ya kufunika mabega na kubaki. Hiyo ndiyo mitihani yao. Akanionesha vinundu vidogo vilivyofumwa juu ya kitambaa: mashine haiviwezi, kwa hiyo ukivikuta ujue mkono umepita hapo. Ukingo wa lesi hufumwa peke yake kisha unashonewa. Ufumaji huu una miaka kama mia mbili, na ulikuzwa na wale wale wageni wa matope, wake wa mabwana waliotaka cha kubeba kurudi. Shemeji alinunua ndogo. Bei sitaitaja kwa sababu kaka yangu anasoma.

Tulikuwa tumechagua Agosti makusudi, karibu na mwezi mpevu, ambapo mji hufanya siku za Bibi Mweupe. Kisa chenyewe ni hiki. Padri mmoja wa baraza alimpenda msichana wa Kiestonia. Wanawake walikatazwa ngomeni, basi akamvisha nguo za kiume, akaingia kama mtoto wa kwaya. Walikaa hivyo hadi askofu alipokuja kutembelea, akaisifu sauti ile nzuri, akataka kumjua mwenye sauti. Hukumu: padri atupwe shimoni afe njaa. Msichana ajengewe ndani ya ukuta wa kikanisa cha ubatizo kilichokuwa kinaendelea kujengwa, na kipande cha mkate na jagi la maji. Kila Agosti, mbalamwezi ikipenya, anaonekana dirishani.

Ni hadithi, lakini nilikereka nayo kama habari. Askofu anayeiuza dola yake anaondoka na fedha, na msichana aliyeimba anapewa ukuta.

Usiku mamia ya watu walijaa uani, wengine na mablanketi, wengine na watoto waliolala. Mwezi ulipopanda, vidole vikaanza kunyooshwa. Mimi niliona dirisha refu la duara juu na mwanga mweupe uliojikunja ndani yake, jambo ambalo kioo na ukuta wa ndani vinaweza kulifanya bila msaada wa marehemu. Shemeji aliona mabega, kichwa, na gauni.

"Umemwona?"

"Nimeona mwanga, shemeji."

"Basi hujaangalia. Amesimama pale, ana shali."

Mzee mmoja nyuma yetu aliuliza kwa Kiingereza tulikuwa tunabishania nini. Shemeji akamweleza. Mzee akasema yeye ni mwenyeji, kila mwaka anakuja, na kila mwaka mke wake anamwona, yeye haoni.