Nyaya nano za paladi: ukinzani unapanda au unashuka?

Hidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifika asilimia 4 hewani, cheche moja inatosha. Kitambuzi kinapaswa kulia mapema zaidi ya hapo.

Kitambuzi kimojawapo hutumia nyaya nano, yaani nyaya nyembamba mno, za metali iitwayo paladi. Paladi huivunja molekuli ya hidrojeni usoni mwake, atomi zikapenya ndani na metali ikavimba. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Waya usio na nyufa ukinzani wake (jinsi unavyopinga umeme) hupanda, maana atomi hizo huzuia elektroni. Wenye nyufa hufanya kinyume: chembe huvimba, nyufa huziba, ukinzani hushuka. Kundi la watafiti la Penner kule Irvine, California, lilionyesha hilo mwaka 2001: liliotesha paladi kwa umeme kwenye kingo za grafiti, likazihamishia nyaya kwenye kioo kwa gundi ya sianoakrilati (ile inayoitwa super glue), na mwitikio ukaja chini ya milisekunde 75. Kasi nzuri, ila gesi ikiwa kidogo mno nyufa hazizibi na kitambuzi hukaa kimya. Kwa viwango vya chini, chukua waya usio na nyufa.

Pima kwa ncha nne (mbili za kupitisha mkondo, mbili za kupima volti), mkondo uwe mdogo ili waya usijipashe moto. Ukinzani wa paladi hubadilika karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi 1 ya joto, kwa hiyo weka pembeni waya wa pili uliofunikwa gesi isiufikie, kisha linganisha.

Usijaribie ndani ya nitrojeni tupu ukaridhika. Hewani, oksijeni huila hidrojeni palepale usoni na kutengeneza maji, na mwitikio hupungua. Salfa ndiyo mbaya zaidi: hung'ang'ania usoni na kuuzuia kabisa.